Vitabu, Mawe, Wasafiri au Nyimbo: Uanzie Wapi Kusoma Historia ya Dini za India?

Mtu akisema anataka kusoma historia ya dini na utamaduni wa India ya kale, ushauri anaopewa huwa mmoja: anza na Veda, nyimbo na ibada za kale kuliko zote, nenda Upanishad za falsafa, kisha tenzi ndefu za Mahabharata na Ramayana, mgeukie Budha, halafu teremka taratibu mpaka ufike kwa masultani wa Delhi. Kwenye karatasi mpangilio huo unavutia. Tatizo ni kwamba wengi huishia njiani, maana vitabu hivyo ni vikubwa, havina tarehe, na kila ukurasa unakudai uwe umeshasoma vingine vitatu.

Milango iko minne, na kila mmoja unakuingiza kwenye India iliyo tofauti kidogo: maandiko matakatifu, mawe na majengo, simulizi za wasafiri, na nyimbo za ibada. Nailinganisha hapa kwa maswali anayojiuliza msomaji wa huku kwetu. Nahitaji lugha gani? Nitapata nini cha uhakika? Nitafichwa nini? Naweza kuanza bila nauli ya kwenda Delhi? Upande wangu nautaja mapema: kwa anayeanza, mawe yanashinda. Aliyesoma Kiarabu ndiye wa kwanza ninayemwambia apite kwingine, na mwishoni nitawataja wengine wachache.

Maandiko: kina kirefu, tarehe haba

Rigveda, Veda ya kale kuliko zote, ina nyimbo 1,028 katika vitabu 10. Wataalamu wengi huiweka kati ya mwaka 1500 na 1000 KK, lakini ndani yake hamna mwaka wowote uliotajwa. Makadirio hayo yametokana na kuchunguza lugha yake na vitu inavyovitaja au isivyovitaja. Kwa karne nyingi iliishi vinywani tu. Mwanafunzi alifundishwa mstari mzima, kisha neno mojamoja, kisha maneno mawilimawili kwa kupishana, la kwanza na la pili, la pili na la tatu, kisha kwenda mbele na kurudi nyuma, mpaka isiwezekane silabi kudondoka bila mtu kushtuka. Aliyekaa chuoni akahifadhi juzuu kadhaa hatashangaa kwamba jambo hilo linawezekana. Kwa kuhifadhi sauti, mlango huu hauna mpinzani.

Mahabharata ni habari nyingine. Kila aliyeinakili aliweza kuongeza. Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune ilianza mwaka 1919 kazi ya kulinganisha miswada yake kutoka pande zote za India, ikaja kumaliza mwaka 1966. Karibu nusu karne, na walichokipata si kitabu alichokiandika mtunzi wa kwanza, bali umbo la zamani kuliko yote ambalo miswada iliyopo inaweza kulitetea. Kwa hiyo ukitaka kujua watu walimwaminije mungu Krishna katika mwaka fulani, kitabu hiki peke yake hakitakupa jibu.

Ukitaka mawazo, lakini, hapa ndipo penyewe. Nafsi ni nini, kwa nini mtu huzaliwa upya, karma inafanyaje kazi, mateso yanakoma vipi: Upanishad na hotuba za Budha kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, hazina mbadala. Tafsiri za Kiingereza za hotuba hizo zipo bure kwenye tovuti ya SuttaCentral. Anza na zile fupi, na usikerwe na marudio. Zilipangwa hivyo ili zikaririwe.

Kinachofichwa ni kikubwa pia. Waandishi walikuwa watu wa dini wakiwaandikia watu wa dini. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha kanuni za maisha, zinaeleza Mabrahmani, tabaka la makuhani, walitaka jamii iweje, hazielezi jamii ilikuwaje. Nusu ya mabishano ya mitandaoni kuhusu matabaka ya India yanatokana na kuchanganya mambo haya mawili.

Na lugha? Kisanskriti kina umoja, uwili na wingi, nomino yake hubadilika kwa namna nane kulingana na kazi yake katika sentensi, na maneno yanayokutana hubadilishana sauti mpaka usijue moja limeishia wapi. Bila mwalimu utatesika. Kipali ni jamaa yake mpole zaidi.

Mawe: hapa ndipo pa kuanzia

Mwaka 1837 James Prinsep, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha Waingereza mjini Kolkata, alifanikiwa kuisoma Brahmi, hati ya kale ya India iliyokuwa imesahauliwa kwa karne nyingi. Nguzo na majabali yakaanza kusema. Aliyekuwa akisema ni mfalme aliyejiita "Mpendwa wa miungu", na mwaka 1915 jiwe la Maski, kusini mwa India, likaondoa shaka iliyobaki kwa kumtaja kwa jina: Ashoka. Alitawala takriban mwaka 268 hadi 232 KK. Tunajuaje? Kwa sababu katika la 13 kati ya matangazo aliyochonga kwenye majabali amewataja wafalme watano wa Kiyunani wa zama zake, akiwemo Antiochus wa Shamu na Ptolemy wa Misri, na miaka ya hao inajulikana. Maandiko yote ya Veda yaliyowekwa pamoja hayakupi kitu cha namna hiyo.

Sasa linganisha. Mahavamsa, historia ya Kibudha iliyoandikwa Sri Lanka mamia ya miaka baadaye, inasema Ashoka aliwaua ndugu zake 99 ndipo akakalia kiti. Tangazo la 5 la Ashoka mwenyewe linazungumzia nyumba za kaka na dada zake kana kwamba wapo, hai, wenye familia. Mahavamsa haina habari ya vita ambavyo Ashoka aliiteka nchi ya Kalinga. Jiwe, katika tangazo la 13, linasema watu 100,000 waliuawa, 150,000 walihamishwa kwa nguvu, wengine wengi zaidi walikufa, na mfalme anajuta. Upande wa pili, Mahavamsa inaeleza kwa kirefu mkutano mkuu wa watawa uliofanyika Pataliputra, mji mkuu wa Ashoka, chini ya ulinzi wake, na mawe hayasemi neno. Ukisoma kitabu peke yake unapata muuaji aliyeongoka akawa mlezi wa watawa. Ukisoma jiwe peke yake unapata mtawala mwenye dhamira inayomsumbua na mtandao mpana wa maofisa.

Usidhani lakini kwamba jiwe halina hila. Nenda, hata kwa picha tu, Dhauli katika jimbo la Odisha. Hapo ndipo Kalinga yenyewe. Matangazo ya Ashoka yamechongwa kwenye jabali kwa mpangilio uleule wa kwingine, ila la 11, la 12 na la 13 hayapo. Majuto ya mfalme yanasomeka Kalsi, karibu na Himalaya, na Shahbazgarhi ambayo leo iko Pakistan, lakini waliochinjiwa ndugu zao hawakuandikiwa. Badala yake wamewekewa matangazo mawili ya pekee yanayowaagiza maofisa wawe waadilifu, na humo mfalme anasema watu wote ni wanawe. Ni sawa na Jaugada, mahali pengine ndani ya Kalinga. Wanazuoni wana maelezo yao. Mimi naona mtawala aliyejua pa kukiri na pa kunyamaza, na hilo linanifundisha siasa ya dini kuliko sura nzima ya kitabu cha kiada.

Ruka miaka zaidi ya elfu, uteremke kusini. Mfalme Rajaraja wa Kwanza wa nasaba ya Chola alikamilisha hekalu la Brihadishvara mjini Thanjavur mwaka 1010. Wageni hupiga picha mnara wake wa mita 60 na ushei. Wewe tazama chini, kwenye kuta. Wamechongwa wanawake 400 wa hekalu, kila mmoja kwa jina lake, hekalu alikotolewa, mtaa anaokaa na nafasi ya nyumba yake mtaani, pamoja na posho yake: fungu moja, yaani kalam (kipimo cha nafaka) 100 za mpunga kwa mwaka. Wanafuata wahasibu, wapiga ngoma, mafundi cherehani wa zama hizo, vinyozi, madobi, wafinyanzi. Wapo pia waimbaji 48 wa nyimbo za mungu Shiva na wapiga ngoma wawili wa kuwasindikiza. Hakuna andiko takatifu linalojishughulisha na mgao wa dobi. Hapa dini unaiona kama taasisi: inalipa, inaajiri, inakopesha, inahesabu.

Ila ukuta unamsemea aliyelipa wachongaji. Kama wale wanawake 400 walikuja kwa hiari, au waliacha watoto walikotoka, hutalipata hapo.

Mfano wa tatu nautaja kwa sababu unatugusa watu wa pwani. Veraval, Gujarat, kando ya Somnath, hekalu ambalo Sultani Mahmud wa Ghazni, katika Afghanistan ya leo, alilivamia mwaka 1026. Mwaka 1264 nahodha mmoja wa Hormuz, Nuruddin Firuz, alijenga msikiti mahali hapo kwa ardhi aliyoipata kwa wakubwa wa mji, Wahindu, baadhi yao wakiwa na vyeo hekaluni. Jambo hili liliandikwa kwenye mawe kwa Kisanskriti na kwa Kiarabu. Maandishi ya Kisanskriti yanamsifu Mungu kwa majina ambayo Mhindu yeyote angeyatambua, Bwana wa ulimwengu, Mwenye umbo la ulimwengu, na yanaweka tarehe kwa kalenda nne, ya Hijria ikiwemo. Maandishi ya Kiarabu yanaongeza dua kwamba Mungu aujaalie mji huo uwe wa Kiislamu na masanamu yaondoke. Dua hiyo kwenye Kisanskriti haimo. Biashara ileile, msikiti uleule, majirani walewale, na kila hadhira imeambiwa inachopenda kusikia. Mtu akikuambia kwamba historia ya Uislamu na Uhindu ni ya upanga tu, au ya upendo tu, mpeleke Veraval.

Kwa upatikanaji, mlango huu ni mwepesi kuliko unavyofikiri. Maandishi ya Thanjavur yamechapishwa na kutafsiriwa kwa Kiingereza katika juzuu ya pili ya South Indian Inscriptions, na juzuu za zamani za Epigraphia Indica, jarida la maandishi ya mawe, zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure. Maandishi ya Ashoka yote ukiyaweka pamoja ni kijitabu. Unayamaliza wikiendi moja, halafu unaweza kuyarudia miaka.

Wasafiri: mlango wa mwenye Kiarabu

Abu Rayhan al-Biruni, mwanazuoni wa Kiislamu, alizaliwa mwaka 973, akaishi chini ya utawala wa Mahmud, yuleyule wa Somnath. Bwana wake alipokuwa anavamia India, yeye alikuwa anajifunza Kisanskriti. Mnamo mwaka 1030 akakamilisha kitabu chake juu ya India, sura 80, kwa Kiarabu: Mungu, nafsi, kuzaliwa upya, hesabu za nyota, vipimo, sikukuu, sheria za ndoa. Mwanzoni kabisa anasema wazi kwamba uvamizi wa Mahmud uliiharibu nchi hiyo na kuwajaza Wahindu chuki dhidi ya Waislamu. Kisha anafanya kitu ambacho hata leo ni nadra: anawaacha Wahindu wasemee vitabu vyao wenyewe, ananukuu, ndipo anawalinganisha na Wayunani.

Mwenye Kiarabu cha kutosha kusoma fasihi ya zamani anakipata kitabu hiki kama kilivyoandikwa, wakati wasomi wengi wa Ulaya hukifikia kupitia tafsiri ya Kiingereza ya Eduard Sachau ya mwaka 1888. Ndiyo maana nasema aliyetoka madrasa na kuendelea, akafika nahau na balagha, asipoteze miaka yake ya mwanzo kwenye Kisanskriti. Aanze hapa. Baadaye aongeze Kiajemi, ambacho hati yake tayari anaisoma, na maktaba yote ya Delhi ya masultani na ya Wamogoli inafunguka.

Kasoro ya al-Biruni: alizungumza na wasomi wa Kibrahmani, na Uhindu wake ni wa kwao. Mwanamke wa kijijini hayumo. Kuhusu Ubudha anakiri hakupata kitabu wala mtu wa kumwelezea.

Pengo hilo la Ubudha linazibwa na Wachina. Mtawa wa Kibudha Xuanzang alisafiri kuanzia mwaka 629 hadi 645, akasoma Nalanda, chuo kikuu cha kale cha watawa, akarudi kwao na mamia ya miswada. Maelezo yake ya njia na umbali yalikuwa sahihi kiasi kwamba katika karne ya 19 mwanaakiolojia Mwingereza Alexander Cunningham aliyatumia kutafuta mabaki ya miji ya Kibudha ardhini. Ni mtawa lakini, na macho yake yanaona nyumba za watawa kwanza.

Ibn Battuta simweki daraja moja nao. Tunampenda kwa sababu alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 kabla ya kufika India, ambako alipewa ukadhi mjini Delhi na Sultani Muhammad bin Tughluq. Kwa maisha ya ikulu, posta, njaa na hofu ya sultani, ni hazina. Kwa dini ya Wahindu ni mpita njia anayeshangaa. Msome kwa raha, usimtegemee.

Nyimbo: zipo hai, na zinateleza

Kuanzia karne ya 6 hivi watu wa Kitamil walianza kuwaimbia miungu Shiva na Vishnu kwa lugha ya nyumbani badala ya Kisanskriti, na moto huo ukaenea kaskazini kwa karne nyingi. Wakafuata waimbaji kama Basavanna karne ya 12 huko Karnataka, Kabir mfumaji wa Banaras karne ya 15, Mirabai, Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, aliyezaliwa mwaka 1469. Upande wa Waislamu, Sufi Nizamuddin Auliya na mwanafunzi wake, mshairi Amir Khusrau, wote waliofariki Delhi mwaka 1325. Kama hisia ndizo unazozitafuta, kilio, hasira, ucheshi, mapenzi ya mtu na Mungu wake, milango mingine yote ni mikavu ukiilinganisha na huu.

Mwimbaji asiyejua kusoma ameingia kwenye historia hapa, na mwanamke, na mshona viatu Ravidas. Gharama yake ni kwamba huwezi kuwa na hakika nani alisema nini. Mchukue Kabir. Nyimbo zake zimehifadhiwa katika mikusanyo mikuu mitatu: kitabu cha Masingasinga kilichokusanywa Punjab mwaka 1604, Bijak ya wafuasi wake wa mashariki, na miswada ya wafuasi wa Dadu, mwimbaji mwingine wa ibada, huko Rajasthan. Katika Bijak yeye ni mkali, anawatandika shehe na pandit, msomi wa Kihindu, kwa fimbo moja. Katika mikusanyo ya magharibi analainika, anakuwa mpenzi wa Mungu anayelia kwa kutengana naye. Kila jumuiya imemhifadhi Kabir iliyemhitaji. Kwa mwanahistoria wa imani za jumuiya hizo ni utajiri. Kwa anayemtafuta Kabir mwenyewe ni mateso.

Huu pia ndio mlango usiohitaji nauli. Khoja Ismaili wa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi huimba ginan katika jamatkhana, nyumba zao za ibada; ni nyimbo za lugha za Gujarat, Sindh na Punjab ambazo mapokeo yao huzinasibisha na mapir, yaani viongozi wa kiroho, wa zama za kati kama Pir Sadruddin, na ndani yake istilahi za Kihindu na za Kiislamu zinakaa pamoja bila kugombana. Gurdwara (nyumba ya ibada ya Masingasinga) ya Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, inampokea kila mpita njia na kumlisha, na kitabu kinachosomwa humo ndicho hichohicho chenye nyimbo za Kabir, Farid, Namdev na Ravidas. Jamatkhana ina utaratibu wake kwa asiye wa jumuiya, kwa hiyo uliza kwanza kwa adabu. Gurdwara ingia tu, funika kichwa, vua viatu.

Uchague upi

Kama swali lako ni la falsafa, vumilia maandiko, na uchague Kipali kabla ya Kisanskriti. Kama unataka kujua dini ilivyoshikana na mamlaka, pesa na ardhi, mawe hayana mpinzani. Mwenye Kiarabu, al-Biruni. Mwanamuziki, mshairi, au mtu aliyelelewa kwenye kasida na maulidi, nyimbo zitamkaribisha mapema zaidi, mradi akubali kuishi bila tarehe.

Milango miwili isiyochanganyika vizuri mwanzoni ni maandiko na nyimbo. Vyote vinaelea kwenye wakati, na ukianza navyo pamoja hutakuwa na kitu cha kujishikilia. Inayochanganyika vizuri ni mawe na wasafiri. Msome Xuanzang huku ramani ya mahali alipochimbua Cunningham iko pembeni. Au uchanganye mawe na nyimbo: soma nyimbo za Shiva ukishaona kwenye ukuta wa Thanjavur kwamba waimbaji wake 48 walikuwa na mshahara.

Anayetaka shahada ana hesabu nyingine. Serikali ya India hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa nje kupitia ICCR, baraza lake la uhusiano wa utamaduni, na Waafrika wengi wamesoma kwa njia hiyo. Chuo Kikuu kipya cha Nalanda, Rajgir, kilianza masomo mwaka 2014, na kina shule ya historia na ya dini linganishi, si mbali na magofu ya kile cha zamani. Ulaya kuna chuo cha SOAS mjini London na Taasisi ya Asia ya Kusini ya Heidelberg. Kabla ya kutuma maombi popote, mwandikie mwalimu atakayekusimamia umuulize anasoma lugha zipi yeye mwenyewe, na kama idara inafundisha Kisanskriti, Kitamil au Kiajemi kwa anayeanza na alifabeti. Idara nyingi zina nguvu kwenye lugha moja au mbili tu, na hiyo ndiyo itakayokuamulia mlango, hata kama ulikuwa umeshachagua mwingine.